Habari za Viti

Kwenye klabu yetu kiti hakikai kimya. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza unayofundishwa ukijiunga, kabla hata hujaambiwa zamu yako ya kupeleka uji hospitalini ni lini. Tunakutana Jumamosi baada ya Alasiri, kwenye darasa la shule ya msingi hapa Mwananyamala, na kwa kuwa madawati ya watoto yanaumiza magoti ya watu wazima, kila mwanachama alileta kiti chake cha plastiki kutoka nyumbani. Vinalala stoo ya shule. Siku ya mkutano vinatolewa vyote, awepo mwenyewe asiwepo, vinapangwa nusu duara, kila kimoja mahali pake pale pale.

Changu ni cha kahawia, kina ufa mgongoni nimeushona kwa waya. Mkono wangu wa kulia, mwisho kabisa, dirishani, anakaa shoga yangu. Ni mwanamke wa Masasi, mjane kama mie, anaishi Sinza kwenye vyumba vya uani nyuma ya baa. Mie Mzaramo wa hapa hapa, nimezaliwa mtaa wa tatu kutoka hiyo shule. Yeye wa kanisani, mie wa msikitini, na kwa ubishi hakuna anayemshinda mwenzake. Tukianza kubishana juu ya chumvi kwenye mchuzi, watu wanahama meza.

Klabu yenyewe si ya matajiri, usije ukadhani. Kuna walimu wastaafu, mafundi cherehani, mama wa mkaa, dereva wa malori, mchungaji mmoja, na sie wajane ambao tukikaa nyumbani Jumamosi tutazungumza na sufuria. Tunazibua mitaro kabla ya masika. Tunapeleka uji kwa wagonjwa wasio na ndugu. Mkutano una mambo mawili tu, habari na mgeni. Mgeni ni mtu wa kuja kutufundisha jambo. Tumeshaletewa mkunga, bwana wa kuotesha uyoga, mtu wa zimamoto, na kijana mmoja aliyekuja kutuelekeza matumizi ya simu akaondoka machozi yanamlengalenga kwa maswali yetu.

Habari ndizo zinatangulia. Mwenyekiti anagonga meza, anauliza, "Habari za viti?" Basi kila mmoja anasema yake: nani kapata mjukuu, nani kafiwa, nani presha imempanda. Ikifika kwenye kiti kitupu, jirani yake ndiye anakisemea. Anaweka mkono juu ya kiti, anasema, "Kiti hiki salama," na sie wote tunaitikia, "Salama!" Tunasonga mbele. Kusema "sijui" hakupo. Zamani mzee mmoja aliwahi kusema sijui, wakamrukia kama kuku, "Usituletee uchuro!" Na kweli, yule aliyekuwa hayupo akafiwa na dada yake wiki ile ile. Basi ikawa imekwisha. Tangu hapo hata kama mtu hujamwona tangu mfungo mosi, kiti chake ni salama.

Shoga yangu hana jirani mwingine zaidi yangu, kwa vile yuko mwisho. Na mie wa kushoto kwangu ni mama wa mkaa, ambaye husinzia. Kwa hiyo mie na shoga yangu tulikuwa tunasemeana wenyewe kwa wenyewe.

Siku niliyoanguka ilikuwa Ijumaa asubuhi. Nilikuwa natoka bafuni, bafu langu liko uani, na nilikuwa nimemwaga povu la sabuni mwenyewe kwa mikono yangu wakati wa kusugua sakafu. Kandambili moja ikateleza. Nilisikia nyonga ikilia, mlio mkavu, halafu kichwa kikagonga ukingo wa karo. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala ubavu, dera limelowa chapachapa, shavu liko kwenye saruji, naona miguu ya jiko la mkaa na chini yake kipande cha kitunguu kilichokuwa kimenipotea.

Geti nilikuwa nimelifunga komeo kwa ndani. Mpangaji wangu alikuwa amehama. Binti yangu ameolewa Songea. Na redio, sikia ujinga huu, redio yangu ilikuwa inaimba chumbani kwa raha zake, maana mie naiwashaga alfajiri naizima nikipanda kitandani. Nyumba ya pili kulikuwa na shughuli ya kumfunda mwali, singeli inapigwa mpaka mabati yanatetemeka. Niliita. Niliita mpaka sauti ikabaki hewa tupu. Jua likanipita mgongoni, likaja usoni, likaondoka. Giza likaja nalo likaondoka. Nilikojoa palepale, mtu mzima, nikalia kwa aibu kuliko kwa maumivu.

Sasa nieleze vizuri hapa, maana ndipo watu wananikatiza.

Sikuona mwanga wowote. Sikumwona marehemu mume wangu akinipungia mkono, na angethubutu ningemuuliza alikoipeleka baiskeli yangu. Ilikuwa hivi. Jumamosi adhana ya Alasiri iliponifikia nilikuwa pale sakafuni, naangalia kitunguu. Adhana ilipokwisha nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha kahawia. Waya ulinichoma mgongoni pale unaponichomaga siku zote. Nilisikia harufu ya chaki. Nilimwona mama wa mkaa kushoto kwangu ameanza kusinzia, kidevu kinashuka.

Kitu cha kwanza nilichohisi si hofu. Nilikasirika. Hakuna aliyenisalimia! Watu wanaingia, wanapeana mikono, shikamoo marahaba, wananiruka mie kama nguzo. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumegombana juu ya kitenge cha sare, mie nataka cha bluu, wao wanataka cha maua makubwa kama mapazia ya gesti. Nikasema moyoni, wamenisusa. Watu wazima na mvi zao wananisusa kwa ajili ya kitenge! Nikakunja uso nikaamua na mie simsemeshi mtu.

Mwenyekiti akagonga meza. "Habari za viti?" Zikaanza kuzunguka. Mbuzi wa fundi kazaa mapacha. Mchungaji kaibiwa spika ya kanisa. Zamu ya shoga yangu ilipofika akasema mwanawe kapata kibarua machinjioni Vingunguti, watu wakapiga makofi. Halafu ilibidi anisemee mie.

Hapo akasogeza kiti chake. Nilisikia miguu ya plastiki ikikwaruza sakafu, akaenda mpaka ukutani, hana tena pa kwenda. Mkono hakuuweka kwenye kiti changu kama desturi. Aliuinua kidogo tu, akaurudisha mapajani. Macho yake yalikuwa kwenye dari. Akasema haraka haraka, kama anameza dawa chungu, "Kiti hiki salama. Nimepita kwake asubuhi, redio inalia."

"Salama!" wakaitikia wote.

Jamani, nyie mmewahi kusikia watu wanaitikia kwa furaha kwamba uko salama, na wewe uko mbele yao umevunjika? Hasira zikaniisha papo hapo, ikaja hofu yenyewe. Nikaelewa niko wapi na siko wapi. Nikapiga kelele. Nikasema, si salama, niko uani kwangu, niko chini, njooni mvunje geti! Nilipiga kelele mpaka nikahisi koo linachanika. Nilimpigia shoga yangu usoni kabisa, nimemwinamia. Hakuna aliyegeuka. Mama wa mkaa akakoroma kidogo.

Halafu akaingia mgeni. Alikuwa bwana mmoja wa upande wa Mbagala, kazi yake kukamata nyoka wanaoingia majumbani. Kavaa shati la mikono mirefu, kifungo cha shingoni hakipo, kashika fimbo yenye ndoano na kiroba cha sembe kilichofungwa kwa kamba ya bluu. Kiroba kinacheza. Alizunguka akisalimia mmoja mmoja, na alipofika kwangu akainamisha kichwa, "Shikamoo mama." Nyie! Nilitaka kumkumbatia. Nikaitikia marahaba, nikaomba na msaada, nikamweleza kila kitu, yeye akatikisa kichwa kwa adabu akaenda mbele.

Alitufundisha kwamba nyoka akiingia ndani usimfukuze, funga mlango, weka nguo chini ya mlango, ita mtu. Akasema nyoka hasikii kelele zako kwa masikio, anasikia miguu yako kwa tumbo. Akafungua kiroba akatoa nyoka mwembamba wa kijani, hana sumu, na mwenyekiti wetu, baba mzima, akapanda juu ya meza na viatu vyake. Chupa ya maji ya katibu ikaanguka ikabingirika mpaka mlangoni. Mie nilikuwa naona yote hayo huku sauti yangu imebaki kukwaruza, naita tu, naita tu.

Mwisho wa mazungumzo tunatoa soda. Mgeni ndiye anaanza kunywa, ndipo wengine wanafuata. Akapewa yake, akafunguliwa, akaishika. Hakunywa.

"Karibu baba, kunywa," mwenyekiti akamwambia.

"Nashukuru mzee. Ila mama yangu pale hajapewa. Siwezi kunywa yeye ananitazama."

"Mama yupi?"

"Huyo mchangamfu, kando ya mama wa dirishani. Aliyelowa."

Mchangamfu! Mie koo limechanika kwa kuita, ananiita mchangamfu. Nikasema huyu naye sumu imempanda kichwani. Lakini alikuwa ananionyesha kwa kidole, mie mwenyewe, na darasa zima likageukia kiti changu. Katibu wetu, ambaye ni nesi mstaafu na si mtu wa kutishika ovyo, alinyanyuka akaja kwenye kiti changu, akapitisha kiganja kwenye kikalio. Akakiinua kiganja. Kilikuwa kinadondosha maji.

Hapo ndipo niliporudi chini. Nikaona tena kitunguu.

Waliovunja geti walikuwa fundi na dereva wa malori. Wa kwanza kunifikia alikuwa shoga yangu. Alipiga magoti kwenye uchafu wangu wote ule, akanishika mashavu kwa mikono miwili, na usoni alikuwa na woga ambao sijauona kwa mtu tena. "Unapumua?" akaniuliza. Ndivyo alivyoniuliza, eti unapumua, na mie macho nimeyatoa namtazama.

Nililazwa, nikawekewa chuma kwenye nyonga, nikarudi nyumbani natembea na mkongojo. Yeye ndiye aliyeniuguza. Alitoka Sinza kila siku asubuhi, akaniogesha, akanibadilisha, akanipikia uji wa ulezi, akagombana na madaktari na wauguzi na binti yangu kwenye simu. Ndugu wa damu hawafanyi vile. Lakini nilipomwambia nilikuwepo mkutanoni, alininyamazisha.

"Hukuwepo. Kichwa kiligonga karo."

"Mwenyekiti alipanda mezani na viatu."

"Umesimuliwa na mama wa mkaa."

"Mama wa mkaa alikuwa amelala! Chupa ya katibu ilibingirika mpaka mlangoni. Nyoka wa kijani. Kamba ya bluu."

"Basi umesimuliwa na mwingine. Kunywa uji."

"Na maji kwenye kiti?"

"Chupa ya katibu ilimwagika, umesema mwenyewe."

Ikawa hivyo mwezi hadi mwezi. Wengine kwenye klabu waliniamini, tena waliniamini kupita kiasi, walikuwa wananiomba niwaangalizie waume zao wako wapi. Yule bwana wa nyoka alikuja kuniona mara moja, akaketi ukingoni mwa kiti, akasema, "Mama, mie nilikuona tu, sina elimu nyingine," na tangu siku hiyo hakupokea tena simu ya klabu yetu. Simlaumu.

Lakini mie sikutaka kuaminiwa na klabu. Nilitaka kuaminiwa na yeye. Nitasema wazi: nilikuwa mpweke vibaya sana. Ukiwa umefika mahali ambapo hakuna mtu amefika, halafu mtu wako wa karibu kuliko wote anakwambia hukufika, unabaki kule kule peke yako. Usiku nilikuwa nalala huku taa inawaka. Nilikuwa najiuliza mie mwenyewe, je, nilitoka kweli pale kwenye kiti, au bado nipo pale naita? Nilikuwa nataka aniambie neno moja tu, ulikuwepo, nipumzike. Hakulisema. Nilipomkazia sana alikuwa ananyanyuka anaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Nilidhani najua sababu. Nilidhani ni aibu ya kusema salama kwa kusikia redio. Nikamwambia hilo nimeshasamehe, nani angejua? Akasema, "Wewe endelea kusamehe," akatoka nje.

Klabu ikabadilisha kanuni. Mwenyekiti akatangaza kuwa haruhusiwi mtu kusema kiti salama mpaka awe amemwona mwenye kiti kwa macho. Tukafuata kwa bidii, tukawa tunakimbizana mitaani Jumamosi asubuhi kuhakikisha watu. Halafu jua likawa kali, miguu ikachoka, ikaonekana kusikia sauti kwenye simu kunatosha. Ndivyo sie tulivyo.

Mwaka jana, Jumamosi moja ya joto kabla ya mvua za vuli, shoga yangu alinipigia asubuhi. "Leo nafua, nguo zimenijaa. Nikichelewa unisemee."

"Umekula?" nikamuuliza, kwa sababu ana sukari na anameza vidonge.

"Nitakula. Acha umama."

Nikaenda. Mgeni wa siku hiyo alikuwa daktari wa meno, dada mmoja mtanashati mwenye haraka zake, alikuwa na safari. Basi mwenyekiti akasema kwa mara moja tugeuze, mgeni atangulie, habari zifuate. Yule dada alikuja na meno makubwa ya plastiki, yanafunguka na kufungika, na mswaki mrefu kama wa kusugulia choo. Nilifurahi kupita kiasi. Nilimwuliza maswali mengi juu ya meno ya bandia, maana ya kwangu ya chini yanacheza. Muda wote nilikuwa nimegeukia mbele, sikuangalia kuliani kwangu hata kidogo. Akamaliza, tukampigia makofi, akakimbilia gari.

"Habari za viti?" mwenyekiti akauliza.

Zikaja, zikaja, zikafika kwa mama wa mkaa, akaamshwa, akasema hana jipya. Mie nikasema nyonga inauma kwa sababu ya mawingu. Halafu nikageuka kumsemea shoga yangu, neno liko mdomoni tayari, mkono umeshanyooka kuelekea kwenye kiti chake.

Alikuwa amekaa.

Kafunga kanga kifuani, kitambaa kichwani, miguu peku. Mikono yake ilikuwa na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ananitazama mie, anatabasamu. Ndugu zangu, ametulia! Uso laini, mabega yameshuka, kama mtu aliyemaliza kazi zake zote akaja kupumzika na wenzake. Ungemwona ungesema huyu ni mzima kuliko sisi. Nikaanza hata kumcheka, nikataka kumwambia, umeingia saa ngapi, shetani wewe?

Lakini shoga yangu ana pengo mbele, na akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Sijawahi kumwona akicheka na mdomo wazi, miaka yote hiyo. Sasa alikuwa ameuachia, pengo linaonekana lote. Nikatazama mikono yake. Lile povu halikuwa linapasuka. Povu la sabuni linapasuka, unalisikia hata, linapungua ukiliangalia. Lile lilikuwa limesimama kama lilivyo.

"Mama?" mwenyekiti akaniita. "Kiti cha mwenzio?"

Nilikuwa nimesikia sauti yake asubuhi. Kwa kanuni yetu, alikuwa salama. Nikasema, "Kiti hiki si salama."

"Astaghfirullah!" mtu akasema nyuma. Mwingine akasema, "Uchuro huo!" Mie nilikuwa nimeshanyanyuka, mkongojo uko kwapani, namburuza katibu kwa mkono. Nilipogeuka mlangoni kumtazama tena, kiti kilikuwa kitupu na fundi alikuwa anakikodolea macho.

Bajaji ilitufikisha Sinza kwa kupitia njia za vichochoro. Uani kwake kulikuwa na makelele ya baa, mpira kwenye televisheni, wanaume wanashangilia goli. Bomba lilikuwa wazi, maji yanafurika beseni na kutiririka. Alikuwa amelala kati ya mabeseni mawili, uso umeegemea rundo la mashuka, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko. Hili lilikuwa linapasuka. Nililisikia.

Katibu akamgusa, akasema sukari imeshuka, alikuwa amemeza vidonge bila kula. Akampaka sukari kwenye fizi kwa kidole, akampaka tena, mie nimemshikilia kichwa namwita kila jina baya ninalolijua. Taratibu macho yakafunguka. Yakazunguka, yakanikuta.

"Ulikuwa unasubiri nini?" akaniambia, sauti kama karatasi. "Nakuita, nakuita, wewe uko na meno ya plastiki."

Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za meno ya plastiki. Yule dada alikuwa ameondoka muda si mrefu, na sie tulikuwa tumetoka moja kwa moja. Nikakaa chini kwenye maji ya sabuni, na nyonga yangu yote ile, nikalia kwa sauti.

Tulimpeleka hospitali wakamwekea dripu. Jioni katibu alitoka kumtafutia chai, nikabaki naye peke yangu. Rangi yake ilikuwa imerudi, anakunywa maji.

"Sasa niambie," nikasema. "Mie nilikuwepo siku ile au sikuwepo?"

Akanywa funda moja. Akasema, "Nilikuwa napiga kelele. Nilikupigia sikioni. Ulinisikia?"

"Sikusikia chochote. Nilikuona unatabasamu."

Akashusha kikombe. 

"Natabasamu?"

"Umetulia kabisa. Mdomo wazi, pengo nje."

"Yesu wangu," akasema. Akageukia ukutani.  "Siku ile na wewe ulikuwa unatabasamu."

Nikasogea ukingoni mwa kitanda.

"Nilikuona tangu naingia," akasema. "Umelowa maji, umekaa pale, unanitabasamia mie tu. Ulivyokuwa mzuri! Hukuwahi kunitazama vizuri hivyo maisha yako yote. Nikaogopa mpaka nikasogeza kiti. Nikasema moyoni, huyu kashakufa, na kama ni hivi basi amefika pazuri, hana shida. Nikasema salama. Sikusema kwa ajili ya redio. Kwako wala sikupita asubuhi ile, najua tu redio yako hailali."

Hasira ilinipanda mpaka kwenye masikio. Nilitaka kumzaba kibao na dripu yake. Mie pale nilikuwa nimemwinamia usoni, nalia kama mtoto, koo linatoa damu, na yeye anaona mtu mzuri anatabasamu! Halafu nikakumbuka lile neno la bwana wa nyoka, mchangamfu, na mwili wote ukanipoa. Nikafikiria marehemu wote niliowahi kuwaosha, na jinsi tulivyokuwa tunaambiana, mtazame uso wake, ameondoka kwa amani.

"Ulikuwepo," akasema. "Haya. Nimesema. Ulikuwepo."

Nikachukua kikombe nikamnywesha maji yaliyobaki.

Bado tunakutana Jumamosi. Wageni wanakuja, juzi kaja mtu wa kufuga kuku. Lakini zikifika habari za viti, mie siangalii viti vitupu tu. Nikiona mtu yupo, uso umetulia, anatabasamu, namfuata na mkongojo wangu namshika mkono. Wananisema kwamba nimezeeka, nimekuwa wa kupapasa watu. Waseme. Mkono ukiwa mkavu na una joto, nakaa. Shoga yangu hanisubiri nimfikie. Anaunyoosha wake mapema, mie naunyoosha wangu, na tunashikana hivyo mpaka mgeni amalize.